Bolti sugu za bomba la moshi: namna ya kuzilegeza bila kuzikata



Katika ukurasa huu wa kazi za mikono tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limelaza magari mengi katika parseli zetu: bolti za bomba la moshi zilizoshikwa na kutu. Tunaandika kwa sababu sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu lilitugharimu.

Siku moja ya mvua tulikuwa watu saba ndani ya gari letu, tukirudi Bukavu kutoka kwenye mkutano wa wazee wa vijiji viwili. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Baada ya muda wa saa moja hivi, mama mmoja aliyekaa nyuma alisema kichwa kinamuuma. Mwingine akasema anasikia kichefuchefu. Sisi tulidhani ni njaa na mashimo ya barabara. Dereva ndiye aliyefikiri vizuri: alisimamisha gari, akafungua milango yote, akatuomba tutoke nje hata kama mvua inanyesha. Tulipoinama kutazama, tuliona masizi meusi mahali bomba la moshi linapoungana na injini. Moshi ulikuwa unatoka pale, mbele, badala ya kutoka nyuma, na sakafu ya gari ilikuwa na tundu.

Moshi wa gari la esansi una gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni, na hivyo damu inashindwa kubeba oksijeni mwilini. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Mtu anayeendelea kukaa ndani anaweza kulala asiamke tena. Kwa hiyo bomba linalovuja si jambo la kelele tu.

Kazi ya kutengeneza ilikuwa fupi: kufungua nati tatu, kubadilisha gasketi, na kufunga tena. Tuliamua kuifanya nyumbani, asubuhi moja, kwa haraka. Nati ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili tuliivuta watu wawili kwa bomba refu lililovishwa kwenye spana. Ilizunguka kidogo, laini kama nta, kisha ikakatika pamoja na bolti yake. Gari lililala wiki tatu. Mikutano miwili ilipita bila sisi.

Mzee mmoja fundi wa mtaa wetu alikuja kutusaidia. Hakutucheka. Alituambia tu kwamba chuma hakigombezwi, kisha akatuonyesha namna ya kuanza upya. Haya hapa ndiyo tuliyojifunza.

Kwa nini bolti hizi hushika kuliko nyingine?

Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni joto. Karibu na injini ya esansi, bomba la moshi linaweza kufikia nyuzijoto 600 au zaidi gari linapopanda mlima na mzigo. Jioni linapoa kabisa. Kila siku chuma kinatanuka na kusinyaa, na mafuta yoyote yaliyokuwa kwenye hesi za bolti huungua na kuisha.

Ya pili ni maji. Hapa kwetu mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na matope hurushwa chini ya gari kila siku. Tena moshi wenyewe una maji: kuchoma lita 1 ya esansi hutoa karibu lita 1 ya maji kwa njia ya mvuke. Ndiyo maana asubuhi tunaona matone yakidondoka kwenye ncha ya bomba. Gari linalokwenda safari fupi tu halipati nafasi ya kukausha maji hayo.

Ya tatu ni kutu yenyewe. Chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa. Kati ya nati na bolti hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo kutu inajibana ndani ya hesi na kuzishika kama saruji. Wakati huohuo bolti yenyewe imekwisha liwa na kuwa nyembamba. Kwa hiyo tunavuta kitu kilichoshikwa zaidi kuliko zamani, kwa bolti dhaifu kuliko zamani. Nguvu peke yake haiwezi kushinda hapo.

Swali la kwanza: ikikatika, tutapoteza nini?

Kabla ya kushika spana, lala chini ya gari ukiwa na tochi, utazame kila bolti, ujiulize swali hili. Bolti za bomba la moshi ziko za aina mbili.

Aina ya kwanza ni zile zinazopita katika matundu ya sahani mbili na kufungwa kwa nati upande wa pili. Hizi huonekana sana katikati ya gari na nyuma, karibu na sailensa. Bolti hiyo ikikatika, hakuna hasara kubwa. Unaitoa, unaweka mpya. Mara nyingi ni afadhali kuikata tangu mwanzo kwa msumeno wa chuma kuliko kupoteza nusu siku.

Aina ya pili ni zile zilizopandwa ndani ya chuma cha injini. Hazina kichwa: upande mmoja umezama ndani ya chuma, upande mwingine una nati. Utazikuta mahali bomba la mbele linapoungana na manifoldi, yaani kile chuma kizito kinachokusanya moshi wa silinda zote. Utazikuta tena mahali manifoldi inapofungwa kwenye kichwa cha injini. Bolti hiyo ikikatikia ndani, kazi ya saa moja inaweza kuwa kazi ya wiki. Kichwa cha injini kikiwa cha aluminiamu, ni rahisi pia kuharibu tundu lenyewe.

Basi, uvumilivu wako uutunze kwa ajili ya aina ya pili. Aina ya kwanza ikatwe bila huruma. Sisi tulifanya kinyume: tulizitunza bolti za nyuma na kuzivuta kwa nguvu zile za injini.

Usalama wako kabla ya gari

- Tafuta mahali tambarare. Bukavu ni mji wa milima, lakini gari lisiinuliwe kwenye mteremko. Ziba magurudumu kwa mawe mbele na nyuma.
- Usilale kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma, au magogo mapana ya mti mgumu. Usitumie matofali ya saruji: hupasuka ghafla bila kutoa dalili.
- Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa mikono. Likitikisika, panga upya.
- Subiri bomba lipoe. Chuma cha bomba kinaweza kuunguza ngozi ingawa hakionekani chekundu.
- Vaa miwani. Kutu huanguka moja kwa moja machoni.
- Usitumie esansi kulegeza au kuosha bolti. Mvuke wake hushika moto kwa cheche moja tu ya nyundo au ya msumeno.
- Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa.
- Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu anayejua uko chini ya gari.

Hatua kwa hatua

1. Safisha kwanza. Kwa brashi ya waya, sugua hesi zinazoonekana nje ya nati mpaka uone chuma. Nati haiwezi kupita juu ya matope na kutu. Hatua hii wengi huiruka, kisha huilaumu spana.

2. Weka mafuta, halafu uende zako. Mafuta bora ni yale maalumu ya kulegeza kutu, yauzwayo katika makopo ya kupuliza. Kama hayapatikani, mazutu au mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya gia otomatiki husaidia, ila yanafanya kazi polepole zaidi. Weka jioni, rudia asubuhi, rudia jioni tena. Kwa bolti za injini toa siku 2. Mafuta hupenya kwa kujivuta katika nafasi nyembamba sana, na jambo hilo linataka muda. Kuyamimina mengi kwa mara moja hakusaidii. Huanguka chini tu.

3. Gonga. Baada ya kuweka mafuta, gonga kichwa cha bolti, au pande za nati, kwa nyundo ndogo. Usipige kwa hasira. Gonga kwa kiasi, mara 20 au 30. Mtikisiko huo unavunja kutu ndani na kufungua njia ya mafuta. Bolti iliyopandwa usiipige kwenye ncha ya hesi, maana utaziharibu na nati haitapita.

4. Chagua spana inayokaa sawasawa. Katika magari mengi ya Japani nati za bomba la moshi ni za milimita 12 au 14. Tumia spana ya boksi yenye pembe 6, iingie mpaka mwisho. Ile yenye pembe 12 hushika kona tu, na kona za nati yenye kutu zimekwisha liwa. Spana ya mdomo wazi iache kabisa kwa kazi hii.

5. Hakikisha unageuza upande unaofaa. Ukiwa umelala chali chini ya gari ni rahisi kuchanganyikiwa, na watu wengi wamekata bolti huku wakidhani wanafungua. Jiweke kwa mawazo mbele ya nati, ukiitazama uso kwa uso: kufungua ni kinyume cha mishale ya saa.

6. Anza kwa kukaza kidogo. Jambo hili lilitushangaza. Mzee aliikaza nati kidogo sana, kama unywele mmoja, kabla ya kuifungua. Kutu iliyoshika inaweza kuvunjika kwa upande wowote, na ukiisha ivunja, nati iko huru.

7. Sikiliza mkono wako. Nati ikilegea kwa mlio mkavu, "kak!", hiyo ni habari njema. Ikizunguka laini bila mlio, kama unapinda waya, simama mara moja: bolti inajipinda na iko karibu kukatika. Rudi kwenye hatua ya 2.

8. Nenda mbele, rudi nyuma. Nati ikianza kutembea, usiivute mpaka mwisho. Fungua nusu mzunguko, rudisha robo, weka mafuta, fungua tena. Ukiendelea kuvuta tu, unga wa kutu hujikusanya ndani na kuishika upya.

Ikiwa nati inatoka pamoja na bolti yake iliyopandwa, usihuzunike. Hiyo ni bahati. Utaweka bolti mpya.

Moto: msaidizi mkubwa na hatari kubwa

Kama siku 2 za mafuta hazikutosha, mafundi hutumia moto wa gesi. Chuma kikipata joto hutanuka. Tundu la nati ya bolti ya milimita 10 likiongezewa nyuzijoto 500 linapanuka kwa milimita 0.06 hivi. Ni kidogo sana, lakini inatosha kuvunja kutu. Siri yake ni kuchoma nati, si bolti, na kuichoma haraka kabla bolti nayo haijapata joto. Nati ikianza kuwa nyekundu, ondoa moto, subiri ipoe kidogo, kisha ijaribu.

Njia nyingine nzuri ni mshumaa. Nati ikiwa bado moto sana lakini si nyekundu tena, gusa hesi kwa mshumaa. Nta inayeyuka, inavutwa ndani, na inalainisha.

Lakini tunawaomba: msitumie moto kama hamjaona kwa macho yenu bomba la esansi linapita wapi, tangi liko wapi, na mipira ya breki na nyaya za umeme ziko wapi. Mafuta ya kupuliza mliyoweka jana yafutwe kwanza, na yasipuliziwe juu ya chuma chekundu. Muwe na ndoo ya mchanga na mtu wa kuishika. Ikiwa sehemu hizo ziko karibu na nati, mpeni kazi hiyo fundi mwenye uzoefu.

Kona za nati zikiisha, au bolti ikikatika

Nati iliyopoteza kona zake inaweza kushikwa na koleo la kujifunga, au na spana ya boksi iliyo ndogo kidogo, ikigongwa kwa nyundo mpaka ikaze. Nati pia inaweza kupasuliwa: weka tindo kali ubavuni mwa nati na upige mpaka ifunguke. Hivyo bolti iliyopandwa inabaki nzima.

Bolti iliyokatika ikiacha kipande nje, fundi wa kuchomelea anaweza kuweka nati mpya juu ya kipande hicho na kuichomelea ndani. Joto la kuchomelea linalegeza kutu, na mara nyingi kipande kinatoka baada ya kupoa kidogo. Betri iondolewe kwanza ili umeme usiharibu vifaa vya gari.

Ikikatikia ndani kabisa, itabidi kutoboa. Tia alama katikati kabisa, anza na ncha nyembamba, ongeza pole pole. Kwa bolti ya milimita 10 yenye hesi za 1.25, tundu la kukatia hesi mpya ni milimita 8.8 hivi, kwa bolti ya milimita 8 yenye hesi hizohizo ni 6.8. Kama huna mashine inayosimama imara, usijaribu ndani ya kichwa cha injini. Hapo pesa ya kumlipa fundi ni ndogo kuliko bei ya kosa.

Wakati wa kufunga tena

Kazi ya kufungua inayofuata huanza siku ya kufunga. Safisha hesi zote, weka gasketi mpya, na tumia nati mpya, za shaba zikipatikana, kwa sababu hazishiki kutu. Paka hesi grisi ya shaba inayovumilia joto. Grisi ya kawaida huungua na kuisha.

Kaza nati zote kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, kidogo kidogo kwa zamu, ili sahani zikae sawa. Msizidishe. Kipimo chenyewe fuata kitabu cha gari lako, lakini kwa magari mengi bolti ya milimita 10 hutaka nguvu kama ya kuvuta kilo 16 kwenye spana ya sentimita 25. Hakuna haja ya watu wawili.

Kisha washa injini nje, mahali penye hewa, ikiwa bado baridi. Mtu mmoja azibe ncha ya bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, mwingine asikilize. Mlio wa "fss" unaonyesha mahali panapovuja. Baada ya safari chache, subiri lipoe na uangalie nati tena.

Nati ya tatu

Labda mnajiuliza nati yetu ya tatu iliishia wapi. Mzee alikataa kuigusa siku ile. Aliisugua, akaipaka mafuta, akaigonga, akaenda nyumbani kwake. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jumamosi alirudi, akafanya vilevile, akaondoka. Sisi tulikuwa na haraka na tulinung'unika. Jumapili mchana alimwita kijana mdogo kuliko wote, akampa spana fupi, akamwambia aikaze kidogo halafu aifungue. Ikalia "kak!" na ikatoka kwa mkono mmoja.

Ile nati iliyokatika ndiyo iliyotulaza wiki tatu. Tulilazimika kuishusha manifoldi nzima ili kipande kitobolewe, tukasubiri bolti na gasketi, tukatafuta pesa. Nati ya tatu, ya gari lilelile, yenye kutu ileile, ilitaka siku mbili tu na mafuta kidogo.

Tangu siku ile tunatazama chini ya gari kila mwezi, na tundu la sakafu limezibwa. Tena tuna sheria moja: abiria akisema kichwa kinamuuma, gari linasimama na milango inafunguliwa kwanza, maswali yanafuata baadaye. Tunawaomba nanyi muifuate, hasa wakati wa mvua vioo vinapofungwa.

Tunawatakia kazi njema na safari za salama.